Kiti cha Mama Mkwe

Siku hizi nikikutana na vijana wanaoendesha baiskeli kwa ajili ya afya, maana sisi tuliendesha kwa ajili ya kufika, huniuliza ni kifaa gani kilichonibadilishia zaidi safari. Wao wenyewe wana majibu tayari: gia, kofia ngumu, kaptura iliyoshonewa godoro makalioni. Nawasikiliza kwa adabu. Kisha nawaambia kwamba kilichonibadilishia mimi ni kiti cha nondo, kizito kama mbuzi mwenye mimba, kilichochomelewa juu ya keria kikitazama nyuma, na kwamba aliyekikalia alikuwa mama mkwe wangu. Hapo huanza kutazama saa zao.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, nisije nikaonekana nasema ya wengine tu. Nilizaliwa Ibadakuli, pembeni ya uwanja wa ndege wa Shinyanga, ambako ndege zilitua kwa nadra hata ng'ombe wakauhesabu uwanja kuwa malisho yao. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na mshahara wangu wa kwanza wa maana ulikwenda kwenye baiskeli. Kijana wa Kisukuma wa enzi ile hakununua baiskeli, aliioa. Mimi nililipa mahari, halafu nikaanza kumvalisha bibi harusi. Kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la spea pale mjini nilichukua dainamo, taa mbili, honi ya mpira, vipande vya raba vya kuning'iniza kwenye madigadi, na kava ya siti yenye nyuzinyuzi za rangi nne zilizonipiga mapajani kila nilipokanyaga pedali. Mzee yule alikuwa ameona wengi wa aina yangu. Kila nilipomaliza kuchagua aliniuliza swali lilelile, bila kuinua macho kutoka kwenye magazeti yake: je, mwalimu, breki unazo? Nilicheka kila mara. Breki nilikuwa nayo moja, ya nyuma, na ilifanya kazi siku ilizojisikia.

Basi nikahamishiwa kijiji kimoja cha upande wa Geita, nikaingia na baiskeli yangu ikiwa imevaa kuliko mimi, na kwa miujiza ambayo sitaieleza hapa nikampata mke. Kwao kulikuwa kijiji cha pili, saa tatu kwa miguu. Na hapo ndipo nilipompata mama mkwe, au niseme, ndipo nilipokatazwa kumpata.

Kwa asiyejua: kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana mpaka hawaonani. Hamshikani mikono. Hamli chakula pamoja. Hamtazamani usoni, wala hamkai mahali pamoja pasipo na mtu wa tatu. Mkiwa na jambo mnalazimika kusema, mnasema kwa mbali, kwa maneno machache, na bila utani. Miaka miwili baada ya ndoa, nilichomjua mama mkwe wangu kilikuwa ni upande mmoja wa kanga na sauti iliyosema, kutoka nyuma ya nyumba, kwamba mkwilima apewe maji ya kunawa. Mkwilima ni mimi. Ndivyo wanavyomwita mkwe. Mimi nilimwita mayu, mama, na nilimwita hivyo nikiwa nimeutazama mti wa jirani.

Yeye kwa upande wake hakuniona kabisa, na si kwa ajili ya mila tu. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Nilipofika kuposa alikuwa anaona vivuli, na vivuli navyo vilikwisha. Alishikwa mkono kwenda kisimani, alishikwa mkono kwenda chooni, na mtu aliyelima ekari tatu za pamba kwa jembe la mkono aligeuzwa kuwa mtu wa kuambiwa kaa hapo.

Mwaka ninaousema, mwezi wa sita, mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane. Jumapili moja likasomwa tangazo kanisani: madaktari wa macho wanakuja kwenye hospitali ya misheni, barabara ya kwenda Chato. Wanaandikisha siku ya Jumatano tu, mwisho saa sita mchana, na wakiondoka hakuna ajuaye watarudi lini. Tulipofika nyumbani mke wangu akaketi, akashika tumbo, akaniambia:

"Nataka mama amwone mtoto huyu. Si amshike tu. Amwone."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na mimi nikasema ndiyo upesi sana, kama watu wanavyosema ndiyo kabla ya kupiga hesabu ya njia.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nne kwa baiskeli isiyo na mzigo. Basi lilipita barabara kuu mara moja kwa wiki, Jumatano hiyohiyo, saa saba mchana, yaani saa moja kamili baada ya mlango wa kuandikishia kufungwa. Aliyepanga mambo haya alikuwa mcheshi. Mikokoteni yote ilikuwa inabeba pamba, na baiskeli zote za majirani vilevile, kwa kuwa pamba haingoji na macho ya mtu mzima yameshazoea kungoja. Shemeji zangu wawili walikuwa kwenye maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu, ambako walikuwa karibu kutajirika kwa mwaka wa tano mfululizo. Baba mkwe hakujua kuendesha baiskeli na aliiona kuwa chombo cha watu wasio na ng'ombe. Akabaki mtu mmoja tu mwenye likizo, baiskeli na keria imara. Naye ndiye pekee asiyeruhusiwa.

Baba mkwe aliita kikao. Wakaja wazee watatu na vigoda vyao, wakakaa kando ya zizi, na mimi nikatoa hoja ambayo nilikuwa nimeiandaa kama andalio la somo. Nilisema kwamba sababu ya mila ni heshima ya macho, na kwa kuwa mama haoni, basi kwa muda huu tu mila inaweza kulegezwa. Niliona nimesema vizuri. Nilikuwa na cheti cha ualimu.

Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yeye haoni. Na wewe huoni?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Kesi ilikuwa imekwisha.

Lakini wakwe zangu hawakuwa watu wabaya, na mzee yule alimpenda mkewe kuliko alivyokuwa tayari kuonyesha mbele ya watu. Kikao kiliendelea mpaka jua likatupiga kisogoni, na mwishowe kikatoa masharti. Mama atabebwa, ila asinishike mahali popote. Kwa hiyo akae kwenye kiti chenye mikono. Asiwe ananielekea mgongoni kama mke anayebebwa na mumewe. Kwa hiyo kiti kigeuzwe, atazame alikotoka. Migongo yetu isigusane. Kwa hiyo kati yetu uwekwe ubao. Na ili asilazimike kuniita kila akitaka kitu, awekewe kengele yake mwenyewe: mlio mmoja simama, miwili twende. Mzee mmoja aliuliza kama nami nifungwe kitambaa machoni. Alikuwa anauliza kweli. Baba mkwe alifikiri kidogo, akasema barabara ina mashimo.

Jumatatu nikaenda Kalangalala, mjini Geita, kwa fundi aliyekuwa akiwachomelea wachimbaji nyundo, mitalimbo na vitu vya kuteremshia watu shimoni. Nilimweleza masharti yote moja moja nikitegemea atacheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka njia nzima. Hakucheka. Alikuwa Msukuma, aliona ni agizo la kawaida kutoka kwa mtu mwenye mama mkwe. Aliuliza tu uzito wa mama. Nikasema sijui, sijawahi kumtazama vizuri. Akasema basi atakadiria kama gunia moja na nusu la mawe ya dhahabu, kwa sababu kila kitu duniani alikipima kwa magunia ya mawe.

Kile kiti kilikuwa kazi nzuri, sitamdhulumu. Nondo zilikunjwa kwa moto, zikapata mikono, zikapata pa kuwekea miguu, na kengele mpya ikang'aa upande wa kulia. Tulihakikisha ubao unapita kati ya kiti na siti yangu. Tulihakikisha migongo haigusani, na ili tuwe na hakika tukakisogeza kiti nyuma shibiri moja, halafu, kwa heshima, shibiri nyingine. Wanaume wawili wazima, mmoja fundi na mmoja mwalimu wa hisabati darasa la sita, tulipima kila kilichohusu adabu. Hatukupima kilichohusu mzigo. Kiti kilipokamilika kilikuwa kimekaa nyuma ya gurudumu la nyuma, kinaning'inia hewani, na sisi tumesimama pembeni tukikisifu. Fundi alikijaribu kwa kuendesha kuzunguka uwanja wake, bila mtu juu yake. Kilikwenda vizuri sana.

Jumatano kulipopambazuka nilikuwa kwa wakwe. Nilisimama nimeishika baiskeli huku nikitazama mashariki, na nyuma yangu wanawake wakampandisha mama, wakampakatisha furushi la karanga na michembe, vile viazi vikavu ambavyo Msukuma hasafiri bila navyo, kwa ajili ya mdogo wake aliyekaa jirani na hospitali. Baba mkwe alinipa maagizo ambayo yote yalihusu ubao. Halafu akaenda nyuma, akasema kitu kwa mkewe kwa sauti ya chini ambacho hakikunihusu, akakohoa, akaondoka haraka kwenda kuona ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kengele ikalia mara mbili. Tukaenda.

Baiskeli ile niliijua kama mke wangu, na siku ile ilikuwa baiskeli ya mtu mwingine. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, unaelea, kama vile gurudumu la mbele limepewa likizo. Nilijiambia ni mazoea. Kengele ikalia mara moja, nikasimama. Ikalia mara mbili, nikaondoka. Baadaye kidogo, mara moja tena. Kwa kilomita chache za kwanza nilisimamishwa mara sita, na mara zote hapakuwa na sababu niliyoweza kuiona, hasa kwa vile nilikuwa nimekatazwa kutazama. Nilianza kushuku kwamba mtu aliyekaa miaka miwili akiambiwa kaa hapo, inuka sasa, alikuwa amepewa chombo cha kumwamrisha mwanaume, mwalimu tena, na alikuwa anakijaribu kuona kama kinafanya kazi. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyohivyo.

Halafu akatokea muuza samaki. Alitukuta kwa nyuma, anarudi na tenga tupu baada ya kupeleka dagaa vijijini, na kwa kuwa mama alikuwa anatazama nyuma, walikutana uso kwa uso kana kwamba wamekaa sebuleni. Akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamuuliza anatoka wapi, na yule bwana, badala ya kutupita, akapunguza mwendo akakaa papo hapo nyuma yetu.

Ndipo nilipoanza kumsikia mama mkwe wangu. Nilikuwa nimemjua miaka miwili na jumla ya maneno aliyonipa yangejaa kisanduku cha kiberiti. Sasa, mgongoni kwangu, nyuma ya ubao, alikuwapo mwanamke mwingine kabisa, mwenye maneno, mwenye kicheko cha puani, akimweleza mtu asiyemjua bei ya pamba ya mwaka jana na uongo wa karani wa mizani. Muuza samaki akamuuliza mbona amekaa kinyume. Akasema amekaa hivyo kwa sababu anayembeba ni mkwewe, mwalimu, mtu mzuri, ila anapumua kama ng'ombe mwenye homa. Muuza samaki akacheka. Nami nikabana pumzi kwa heshima mpaka nikaona nyota.

Wakaendelea. Yule bwana akamuuliza kama haogopi kisu cha daktari. Nikasikia tu cheni yangu na cheni yake.

"Naogopa," akasema mama. "Nimeogopa tangu Jumapili, sijalala. Lakini nina wajukuu wanne kwa vijana wangu, na wawili wa mwisho siwajui sura. Nawapapasa usoni kama mtu anayechagua mihogo. Huyu wa binti yangu sitaki kumpapasa."

Sikuwa na haki ya kuyasikia yale. Aliyasema kwa mtu wa nyuma, na mimi kwa mujibu wa mila sikuwapo. Nilikanyaga pedali, na nikamwonea wivu muuza samaki, mtu wa dakika chache, kwa kuambiwa kitu ambacho familia nzima ilikuwa haijaambiwa.

Muuza samaki alikata kulia kwenye njia panda, wakaagana kama ndugu. Tulikuwa tumebakiza kama theluthi ya safari, jua limepanda, na mbele yetu kulikuwa na bonde la mchanga la kijito kilichokauka. Kuteremka tuliteremka, kwa msaada wa Mungu na ile breki moja. Kupanda ng'ambo ya pili ndipo hesabu ya darasa la sita iliponidai. Nilisimama juu ya pedali ili nipate nguvu, uzito wangu ukatoka kwenye siti, na gurudumu la mbele likainuka taratibu, bila fujo, likaelekea mbinguni. Nilibaki nimeshika usukani usoni kwangu kama mtu anayesoma gazeti. Nyuma yangu kikasikika kishindo kimoja, kisha mlio wa kengele. Simama.

Nilipogeuka, nikasahau mila zote, nikatazama. Mama alikuwa amekaa mchangani, miguu mbele, furushi bado kifuani, uso umeelekea juani. Kilemba kilikuwa kimemtoka. Nilimwona uso wake kwa mara ya kwanza, na ulikuwa uso wa mke wangu ukiwa umezeeka. Nikapiga hatua.

"Usinisogelee," akasema.

Nikarudi hatua. Nikamuuliza kwa mbali kama ameumia. Akasema ameumia mahali ambapo mkwe haulizi. Nikatazama huku na huku nimtafute mtu wa tatu, mwanamke, mtoto, mchungaji, yeyote. Barabara ile iliyojaa watu kila siku ya Mungu ilikuwa nyeupe. Jua lilikuwa limeshapita saa nne. Nikamwambia hivyo, na kwamba mlango unafungwa saa sita, na kwamba nitamwinua haraka na sitamwambia mtu.

"Nitajua mimi," akasema.

Nilikasirika, nisifiche. Nilimkasirikia yeye, baba mkwe na wazee wenye vigoda, na nilimkasirikia fundi na cheti changu cha ualimu. Nilikuwa natazama macho ya mtu yakipotea kwa ajili ya hatua tano za mchanga, na aliyekuwa anayapoteza alikuwa ametulia kuliko mimi. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ileile ya kuagiza maji ya kunawa, kama baiskeli ina pampu.

Nilikuwa nayo, pampu ndefu, imefungwa kwenye bomba la fremu. Akasema nishike ncha moja, nimletee nyingine. Nikafanya hivyo, nimenyoosha mkono kadiri unavyofika, uso nimeugeuzia kichakani. Akapapasa hewani, akaishika, akaivuta mara moja kujaribu kama nimesimama imara, akainuka. Nikamwongoza hivyo mpaka juu ya ukingo, yeye ncha ya huku, mimi ncha ya kule, kama watu wawili wanaoogopa nyoka mmoja. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi na fundi hatukuulizana: kiti kimekaa mbele ya gurudumu au nyuma yake? Nikamwambia. Nadhani alitafuta kwanza maneno yasiyo na matusi.

Akasema mkokoteni ukipakiwa nyuma, ng'ombe wanainuliwa shingo. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Basi tukafanya alivyoamuru. Furushi likatoka mapajani kwake likafungwa mbele kwenye usukani. Akaniagiza nitafute jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu. Nikalifunga chini ya furushi kwa mipira ya keria. Akanikataza kusimama kwenye pedali: mlima ukiwa mkali, nishuke nisukume. Nikamshikia baiskeli, akapanda mwenyewe kwa kupapasa, kengele ikalia mara mbili. Usukani ukatulia mikononi mwangu kama siku nilipoinunua. Asiyeona ndiye aliyenifundisha kufunga mzigo, na mpaka leo sijapata mwalimu bora.

Tulifika mlangoni pa hospitali mwandikishaji akiwa anakunja daftari. Muuguzi, mgeni wa huku kwa lafudhi yake, aliniambia nimshike mgonjwa mkono nimwingize. Nikampa pampu. Alinitazama kwa muda mrefu, akaitazama pampu, akamtazama mama aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuipokea, akaamua kwamba mshahara wake haumtoshi kuuliza. Wakaingia wote wawili, kila mmoja na ncha yake. Mdogo wake mama alikuja kuchukua zamu, na mimi nikarudi nyumbani na jiwe langu, kwa kuwa kiti kilikuwa bado kizito na sikutaka tena kusoma gazeti.

Habari za mgonjwa zililetwa na dereva wa lori la pamba baada ya siku nane. Alisema mama hajambo. Nikamuuliza anaona? Akasema ameambiwa aseme hajambo. Kwetu hata mtu anayekata roho hajambo, kwa hiyo habari hiyo haikutusaidia kitu. Mke wangu alikuwa hawezi tena kutoka nyumbani. Aliniuliza kila jioni kama nimesikia lolote, na kila jioni nikamwambia kwamba hizo ni dalili njema, jambo ambalo hakuliamini na mimi sikuliamini. Lori la pili lilisema mama amerudishwa kwake. Kuhusu macho halikusema kitu, na mimi kwenda kuuliza mwenyewe niliogopa. Nasema wazi: niliogopa. Nilikuwa nimepandisha matumaini ya mtu huyo kwenye kiti cha nondo, na kama yalikuwa yamevunjika sikutaka kuwa wa kwanza kuyaokota.

Mtoto akazaliwa Ijumaa, msichana. Hapo sikuwa na namna; habari ya mtoto wa kwanza hupelekwa na baba yake. Jumamosi asubuhi nikavaa shati nililoliona safi, nikapanda baiskeli. Kiti kilikuwa bado juu yake, kimechomelewa kwa imani, na kilikuwa kimenifanya maarufu. Baiskeli yenye kiti kilichotazama nyuma ilikuwa moja tu tarafa nzima, na watoto walinikimbilia wakiuliza leo nimembeba nani.

Nilikuwa karibu na mashamba ya wakwe nilipomwona mwanamke anakuja mbele yangu njiani. Alikuwa peke yake. Alitembea polepole, na fimbo mkononi, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna mtoto aliyemshika mkono. Nilipunguza mwendo nikiwa sijaamini bado. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya paji la uso kuzuia jua, akatazama kwa makini upande wangu kwa kitambo. Kisha akatoka njiani, mbio kidogo, akaingia kwenye mabua ya mtama yaliyobaki shambani, akachuchumaa akanipa mgongo.

Ndivyo mama mkwe afanyavyo akimwona mkwewe anakuja njiani. Akimwona. Kwa miaka miwili nilikuwa nimempita mara nyingi, mimi nikigeuza uso, naye akiwa amesimama katikati ya njia ananielekea, kwa kuwa hakujua ni nani. Sasa alikuwa amenijua, kwa kile kiti, kutoka mbali kama mita mia na kunikimbia kama inavyotakiwa. Hakuna mtu aliyewahi kunifurahisha hivyo kwa kunipa kisogo. Nilishuka, nikaegemea usukani, machozi yakanitoka barabarani, mtu mzima mwenye ndevu.

Nikatazama mashariki. Nikasema, "Mayu, mmepata mjukuu. Wa kike."

Mabua hayakutikisika. Nikasikia akivuta pumzi, kisha akisema neno la Kisukuma la kumshukuru Mungu, mara mbili, taratibu.

"Kesho nakuja kumwona," akasema. Nilidhani amemaliza, nikaanza kukokota baiskeli ili nimwache apite.

"Na mwambie mwanangu," ikatoka sauti nyuma ya mabua, "hilo shati lako limechanika begani."